Swichi ya Nyumba Tano

Jana nililala nimenuna, na mtu akilala amenuna huota ovyo. Ndiyo maana sikushangaa kujikuta ndotoni nimesimama jikoni kwangu, saa sita mchana, na fundi wangu amekaa ndani ya gitaa.

Lakini ngoja kwanza niseme kwa nini nilinuna. Naitwa Mkude. Napiga gitaa la solo katika Bendi ya Milima Saba, hapa Morogoro, huu mwaka wa tisa. Kushoto kwangu anasimama Dilunga, anapiga ridhimu. Ni mtu mpole, mashati yake yamepigwa pasi, hajawahi kuchelewa mazoezi hata siku moja, na kwa wiki tatu sasa simpendi hata kumwona.

Sababu ni mke wangu. Mwajabu ana tabia ya kuvumisha wimbo kwa mdomo uliofumbwa akiwa na kazi ya mikono, akisuka nywele, akichambua mchele, akikunja nguo. Zamani alikuwa anavumisha chochote kilichomjia. Siku hizi anavumisha kitu kimoja tu, kutoka kwenye sebene la wimbo wetu mpya, pale magitaa yanapochangamka, na kitu hicho si changu. Solo langu nalijua. Nimelitunga mwenyewe, nimelipiga ukumbini watu wakapanda juu ya viti. Anachovumisha Mwajabu si hicho. Na bendi yetu, ukiacha besi, ina magitaa mawili tu. Kama si langu, ni la nani?

Sikumuuliza. Mwanamume unaanzaje kuuliza jambo kama hilo? "Mama Siwema, mbona una gitaa la mtu mwingine mdomoni?" Nikaanza kususia chai yake.

Ndipo nikamwendea Fundi Ambokile kule Kihonda. Huyu anatengeneza vitanda na makabati, na vitanda vikipungua anatengeneza magitaa. Nikamwambia nataka gitaa la umeme la kwangu peke yangu, lenye sauti ambayo mwanamke akiisikia mara moja haimtoki. Akasema mbao anayo, mninga uliobaki kwenye kitanda cha maharusi. Akasema mambo ya nje atayafanya yeye, ila ya ndani ni ya mwenye gitaa. Akanipa karatasi ya kuchagulia. Nataka pikapu ngapi, yaani zile sumaku zilizozungushiwa waya zinazokaa chini ya nyuzi na kunasa sauti. Nataka swichi ya nafasi tatu au ya tano. Nyaya ziungwe mfululizo, au sambamba, au kinyume. Majibu ayapate leo saa tatu asubuhi, maana akishafunga kifuniko hakifungui tena, hata ulie.

Nikarudi nyumbani na karatasi, nikaitazama mpaka macho yakauma. Mwajabu alikuwa anakunja nguo na kuvumisha kile kitu chake. Nikapanda kitandani mapema bila kula. Hayo ndiyo yaliyotangulia.

Sasa niko jikoni. Gitaa limelala mezani kifudifudi, mgongo wazi. Ndani ya tundu la nyaya amekaa Fundi Ambokile, ukubwa wa chupa ya soda, miguu inaning'inia nje. Mkononi ana chuma cha kulehemia kinachofuka moshi.

"Umechelewa," anasema.

"Nimelala mapema kabisa."

"Mimi nilikuja mapema zaidi." Anafungua karatasi yangu, ambayo sasa ina ukubwa wa tiketi ya basi. "Swichi ya nafasi tatu au tano?"

"Tano. Gitaa la Dilunga lina tatu."

"Sijakuuliza la Dilunga lina ngapi."

"Nimekujulisha tu."

Anaandika. "Tano. Basi nenda ukazione. Simfungii mtu swichi ya nyumba asizozijua."

Nataka kumuuliza nyumba gani, lakini jiko limeshaondoka. Nimesimama kwenye mtaa mfupi wa vumbi. Nyumba tano zimejipanga mstari mmoja, kila moja na mlango wa buluu. Mbele yangu kuna mzee mwembamba wa bati, kichwa kidogo cheupe cha plastiki, baraghashia juu yake. Amesimama ameegemea upande, kama mtu aliyezoea kusukumwa.

"Mimi ni Swichi," anasema. "Mjumbe wa nyumba tano."

"Mimi najua wajumbe wa nyumba kumi."

"Hao ni wa kwenu. Hapa ni gitaa."

Akanisomea sheria za mtaa kutoka kichwani. Ukiingia nyumba moja, nyingine zote zinazima. Hakuna kuchungulia dirishani. Hodi ni lazima, hata kama mlango uko wazi. Nyumba ya kwanza, ya tatu na ya tano anakaa mtu mmoja mmoja. Nyumba ya pili na ya nne ni za wawili wawili.

"Za wawili sizitaki," nikasema.

"Hujaziona."

"Sina haja ya kuziona. Mimi ni mtu wa nyumba yangu."

Mjumbe akanitazama kwa huruma ambayo sikuiomba. Halafu, kutoka mahali fulani pale mtaani, nikasikia mvumo. Alikuwa ni Mwajabu. Sauti ile ile, kitu kile kile, polepole, kama mtu mwenye kazi ya mikono.

Hapo nikaelewa nimeletwa kufanya nini. Mke wangu yuko ndani ya moja ya nyumba hizi. Nikiijua ni ipi, nitamwambia Ambokile anifungie nyumba hiyo tu, nyingine azibomoe. Gitaa langu litakuwa na sauti anayoipenda Mwajabu, na Dilunga atabaki na mashati yake.

Nikaanza na nyumba ya kwanza, ya darajani, pale nyuzi zinapoishia.

"Hodi."

"Karibu, futa miguu."

Ndani amekaa mwanamke mkavu, amejizungushia waya wa shaba kutoka shingoni hadi kiunoni. Mizunguko elfu saba, akanieleza kabla sijauliza, na yote aliizungusha mwenyewe. Sauti yake ilikuwa sufuria iliyoangukia sakafu ya simenti. Nikamwita Bi Darajani, akakubali.

"Namtafuta mke wangu."

"Hayupo. Alipita hapa siku moja. Mimi nasema kila kitu wazi, unajua. Nikamwambia mume wake akipiga solo anapayuka."

"Akasema nini?"

"Akasema anajua."

Roho iliniuma kweli kweli. Nilitaka kumjibu, nikakumbuka kwamba kila nikipiga solo ndiyo sauti ninayoichagua, hii hii ya huyu mama, na nimekuwa nikiisifia miaka yote. Nikamuaga kwa adabu.

Nyumba ya tatu alikaa mwanamume wa makamo mwenye waya wa kiasi. Alifungua mlango nusu.

"Mke wangu yupo?"

"Mimi wa katikati, kaka. Siegemei upande."

"Nauliza kama yupo."

"Siwezi kusema yupo. Na kusema hayupo moja kwa moja nako ni kuegemea."

Nikampa mkono, akanipa nusu ya mkono, nikaondoka sijui kama nimeonana na mtu.

Nyumba ya tano, ya shingoni, nilipofika mlangoni tu nikakasirika. Ndani kulikuwa na mwanamume mnene, amelala kitandani, waya wake umelegea kama mkanda baada ya ubwabwa wa harusi. Alipofungua kinywa, sauti ikatoka nzito, laini, tamu, kama uji wa maziwa.

"Karibu... ndugu... yangu."

Wanaume wenye sauti ya namna hiyo siwaamini. Nikapiga magoti, nikaangalia chini ya kitanda chake.

"Unatafuta... nini?"

"Mke wangu."

"Chini... ya kitanda?"

"Naanzia chini."

Hakukuwa na kitu ila vumbi na kipande cha msasa. Bwana Shingoni hakuudhika. Alisema Mwajabu alifika kwake kweli, akakaa kidogo, akasinzia, ndipo yeye mwenyewe akamsindikiza mpaka anakokaa.

"Anakokaa wapi?"

"Nyumba... ya pili."

Nyumba ya pili ni ya wawili. Na kama mke wangu ni mmoja wa hao wawili, mimi si mpumbavu, naweza kuhesabu.

Nikatoka mbio. Mjumbe alikuwa ananisubiri mbele ya nyumba ya pili, ameinamia upande wake. Mvumo ulitokea humo humo, sasa nausikia vizuri, mtamu mpaka unatia hasira. Mlangoni kulikuwa na jozi tatu za viatu. Kandambili za kijani za Mwajabu. Viatu vyeusi vya Dilunga, vimeng'arishwa, si unamjua. Na viatu vyangu vya kahawia, kile cha kulia kimekatika kamba.

Damu ikanichemka. Dilunga ameshamchukua mke wangu, gitaa lake ameshaliingiza masikioni mwake, na sasa hata viatu vyangu amevihamishia humu awe anavaa.

"Hodi," nikasema, kwa sauti ya mtu asiyeomba.

Nikagonga. Nikasukuma kwa bega. Mlango haukutikisika.

"Nyumba hii hafunguliwi mtu mmoja," mjumbe akasema. "Mnaingia wawili, hatua moja."

"Mimi na nani?"

"Na mimi, kaka Mkude." Dilunga amesimama nyuma yangu, gitaa begani, shati la buluu, limepigwa pasi mpaka mikono. "Umeamkaje? Tuingie basi. Shemeji anatungoja."

"Alikwambia wewe kwamba anangoja?"

"Hakuniambia. Nasikia tu anavyovumisha. Hapo mwisho huwa anasubiri kidogo."

Kwamba alijua mke wangu anasubiri wapi kwenye wimbo, hilo lilinimaliza. Nikamwita Fundi Ambokile kwa sauti mpaka akatokea kwenye kizingiti cha dirisha, bado ukubwa wa chupa ya soda, chuma chake mkononi.

"Fundi, kuna njia ngapi za kuungwa na huyu?"

"Tatu. Mfululizo, sambamba, kinyume. Nilikuandikia."

"Nionyeshe."

"Mfululizo," akasema, na kabla hajafunga mdomo tukawa kwenye foleni ya zahanati, Dilunga mbele, mimi nyuma yake, tumbo langu limegusa mgongo wake. "Mmoja anapita ndani ya mwenzake. Sauti inakuwa nene, ina nguvu. Salimia."

"Habari za humu ndani," nikasema. Maneno yakaingia mgongoni kwa Dilunga, yakazunguka, yakatokea mdomoni kwake, mazito, mazuri.

"Nzuri," Mwajabu akajibu kutoka ndani. Alimjibu yeye.

"Toa hii," nikasema, na hiyo nayo ikatokea mdomoni kwa Dilunga. Akaniomba radhi.

"Sambamba." Sasa tumekaa kwenye benchi nje ya mlango, bega kwa bega, kila mtu na gitaa lake, kila mtu na sauti yake. Ambokile akatuambia tupige. Nikapiga yangu, Dilunga akapiga yake. Hazikugombana. Ilikuwa sauti nyepesi, yenye hewa ndani yake, na mvumo wa Mwajabu ukasikika karibu zaidi. Mlango ukajifungua upana wa vidole viwili. Nikaona ukingo wa kanga yake.

Ningekaa pale pale yangekwisha. Lakini nilitupa jicho chini, nikaona goti la Dilunga limetangulia langu kidogo. Kidogo sana, labda upana wa senti. Nikainuka.

"Sambamba sitaki."

Mlango ukajifunga.

"Bado kinyume," Ambokile akasema. Akaweka chuma chini, jambo ambalo hajawahi kulifanya mbele yangu. "Hapa nageuza waya wa mmoja wenu. Yeye akivuta, wewe unasukuma. Sauti zinafutana. Kinabaki kisauti chembamba, redio iliyosahauliwa ndani ya ndoo. Kuna wanaokipenda, kwa wimbo mmoja au miwili. Kwa nyumba sijawahi kumshauri mtu."

"Anayefutika ni nani?"

"Nimesema zinafutana."

"Waya unaogeuzwa ni wa nani?"

"Wa utakayemtaja."

"Dilunga," nikasema.

Dilunga yuko hapo hapo, amesikia yote. Anakunja mkono wa shati taratibu asiharibu pasi. Kwenye kiganja chake zinatoka nyaya mbili, nyekundu na nyeupe. Anazinyoosha mbele ya fundi.

"Kama ni kwa faida ya bendi," anasema.

"Ni kwa faida ya bendi," namwambia.

Ambokile anachomoa nyekundu anaweka nyeupe, anachomoa nyeupe anaweka nyekundu. Risasi ya kulehemia inayeyuka, moshi unapanda. Kwanza ule mng'aro wa viatu unaondoka. Kisha masikio. Dilunga anapungua kama sabuni, bila kulalamika.

"Kaka Mkude, naona unanipunguza."

"Kidogo tu."

"Kesho mazoezi saa kumi." Sauti imeshakuwa uzi. "Mwambie mpiga besi aje na..."

Sikujua aje na nini. Lilibaki shati peke yake, likajikunja vizuri, likakaa chini. Nisiseme uongo, sikuona aibu hata kidogo. Niliona raha. Miaka tisa mtu amesimama kushoto kwangu, na sasa kushoto kwangu kuna upepo.

Mlango ukafunguka wenyewe. Nikaingia, mtu mmoja, hatua moja. Mjumbe akasogea, akanipisha.

Ndani Mwajabu amekaa kwenye kigoda, ungo wa mchele mapajani, anavumisha. Nilingoja aniangalie. Nilikuwa nimejiandaa kuangaliwa.

"Nimekuja," nikasema.

Akaendelea kuvumisha, lakini kuna kitu kilikuwa hakiko sawa. Sauti moja, halafu pengo. Sauti nyingine, pengo. Mbili, halafu pengo refu. Wimbo ulikuwa kama chanuo lililong'oka meno. Akasimama, akajigusa midomo kwa vidole, akaanza upya, mapengo yakarudi pale pale.

"Vumisha yote," nikamwambia.

"Ndiyo yote hii."

Nikakaa chini sakafuni, nikasikiliza. Sina sikio baya, kazi yangu ndiyo hiyo. Ile sauti ya kwanza naijua. Ndiyo ninayofungulia sebene. Ya pili naijua, ndiyo ninayoibonyeza kwa kidole cha mwisho, kidole kinachoniuma wakati wa baridi. Ya tatu, ya nne, nikazihesabu zote mpaka mwisho. Zote zilikuwa zangu. Hakukuwa na hata moja ya Dilunga.

"Mama Siwema. Hizi ni zangu."

"Ni zako."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Yako moja, yake moja, zako mbili, yake moja." Anaondoa kipande cha jiwe kwenye mchele, anakitupa. "Ulikuwa unadhani ni ya nani?"

"Nilidhani unavumisha ridhimu ya Dilunga."

"Ridhimu ya shemeji peke yake haivumiki. Na solo lako peke yake, uniwie radhi Baba Siwema, ni mtu anayegonga mlango halafu hataki kuingia. Huu wimbo haupigi yeyote kati yenu. Unatokea hapo kati mkipiga pamoja. Mimi ndiye niliyekuwa nauokota."

Wiki tatu nimesusa chai. Wiki tatu mke wangu alikuwa ananiimba mimi mbele ya macho yangu, na mimi nimenuna.

Nikakimbilia dirishani. Ambokile ameshashika bisibisi, ameshaweka kifuniko, amebakiza misumari minne ya skrubu.

"Fundi, rudisha waya wa Dilunga."

"Risasi imepoa."

"Iyeyushe tena."

"Nitayeyusha. Lakini mwenye waya lazima awepo, na kumrudisha mtu aliyefutwa ni kumwita kwa sauti yake. Imba ridhimu yake."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Nikafungua mdomo. Likatoka solo langu. Nikafunga, nikavuta pumzi, nikafungua tena. Solo langu. Nilijaribu kukumbuka Dilunga alikuwa anapiga nini kwenye lile sebene, nikakumbuka shati lake, viatu vyake, goti lake, jinsi anavyosema shemeji. Muziki wake sikuukumbuka hata sauti moja. Miaka tisa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, na muda wote nilikuwa najisikiliza mwenyewe.

"Umesimama naye miaka tisa," Ambokile akasema, akakaza msumari wa kwanza.

"Nipe dakika moja."

"Dakika si za kwangu, ni za mjumbe."

Nje mjumbe alikohoa kwa adabu, akaanza kuinamia upande wa pili. Nyumba ya tano ikazima. Ya nne ikazima. Msumari wa pili, wa tatu. Nikageuka kumwangalia Mwajabu. Bado anavumisha mapengo yake, uso umekunjamana kwa taabu ya kutafuta. Niliogopa. Sijaogopa hivyo hata siku mama alipolazwa. Nikaita, "Dilunga, Dilunga," lakini hilo lilikuwa jina lake tu, na fundi alikuwa ameshanieleza. Msumari wa nne ukaingia.

Nikaamka saa moja asubuhi, jua limejaa chumbani, shuka limenizunguka miguuni. Nilicheka peke yangu. Nikajiambia ndiyo matokeo ya kulala na njaa, nikatoka uani nikitafuta chai ambayo leo nilikusudia kuinywa.

Mwajabu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, anamenya kunde. Alikuwa anavumisha. Sauti moja, pengo. Sauti moja, pengo. Mbili, halafu pengo refu.

Nikasimama pale pale na kikombe kitupu.

"Baba Siwema," akasema bila kuinua kichwa, "ule wimbo wenu umenivunjikia. Tangu nimeamka naokota vipande. Hapa katikati kulikuwa na nini?"

Nikakaa kwenye ngazi kando yake. Nikafungua mdomo kumjazia, na najua mtakavyosema, lakini nilijaribu kweli. Likatoka solo langu.

"Hiyo ninayo," akasema. "Nataka ile nyingine."

Nikachukua simu, nikampigia Dilunga. Iliita mpaka karibu ikatike.

"Kaka Mkude." Sauti yake ilikuwa nyembamba, inatoka mbali. "Samahani. Nimeamka koo limekauka kabisa, sijui nimelalaje."

"Pole. Dilunga, ridhimu yako kwenye lile sebene inakwendaje?"



"Tumepiga pamoja miaka tisa, kaka."

"Najua."

"Leo ndiyo unauliza?"

"Leo ndiyo nauliza. Niimbie. Polepole, nakuomba."

Akasafisha koo, akaimba. Nikaweka simu kwenye ngazi, kati yangu na Mwajabu, sauti yote juu. Mwanzo ilikuwa inakwaruza, halafu ikapata nguvu kidogo kidogo. Kwa mara ya kwanza nikaisikia. Ilikuwa rahisi, ina subira, na kila mahali nilipokuwa napayuka yeye alikuwa ameniachia nafasi. Nikaanza kuvumisha yangu, kwa chini, kwenye nafasi hizo hizo alizoniachia. Mwajabu hakuinua kichwa. Alisikiliza mzunguko mmoja, kisha akaingia, wimbo wote, bila pengo, na alipofika pale mwisho akasubiri kidogo, kama Dilunga alivyosema.

Ulikaa vizuri mno. Wivu ukanipanda upya, wa leo ukiwa mkali kuliko wa wiki tatu zote, na kidole changu kilikuwa juu ya kitufe chekundu cha simu. Sikukata.